Kitabu Kilichokwisha Somwa: Utetezi wa Vitabu vya Mtumba

Wenzangu wa fasihi tuna desturi moja ambayo nadhani wakati umefika tuihoji. Tukipewa riwaya tuihakiki, tunaanza na maisha ya mwandishi, tunakwenda kwenye dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa, kisha tunageukia muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mwisho tunapima kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Basi, kazi imekwisha, tunasubiri alama. Katika safari yote hiyo ni nadra kumkuta mtu anayeuliza swali dogo tu: riwaya hiyo tumeisoma katika nakala gani? Ilichapwa mwaka gani, na nani? Nani aliisoma kabla yetu? Tunahakiki kana kwamba matini imeshuka kutoka mbinguni bila karatasi, bila gundi na bila bei.

Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo. Aliyenifundisha kuliuliza hayumo katika idara yoyote. Ni turubai la vitabu vilivyotumika, lililotandikwa kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Hoja yangu ni moja. Kununua na kukusanya vitabu vya mtumba, jambo ambalo wengi wetu tunaliona kuwa burudani ya mtu asiye na hela ya kitabu kipya, ni sehemu ya kazi ya uhakiki. Anayenunua kitabu kilichokwisha somwa hupata vitu viwili kwa bei ya kimoja: kazi ya mwandishi, na alama za usomaji wa watu waliomtangulia. Na raha ya shughuli hii, ambayo sitaki kuificha, inatokana na viwili hivyo kuja pamoja.

Neno lenyewe

Mtumba tumeuzoea katika nguo. Ni robota linalofika kutoka ng'ambo, linafunguliwa sokoni, na mwenye jicho anawahi kabla ya wenzake. Katika vitabu neno hili linabeba mikondo miwili, na tusiichanganye. Mkondo wa kwanza ni wa vitabu vilivyotoka nje: riwaya nene za Kiingereza zenye majalada ya kung'aa, vitabu vya uongozi wa biashara, vitabu vya kiada ambavyo mitaala ya Uingereza na Marekani imevipita. Mkondo wa pili unatoka majumbani mwetu. Mwalimu kastaafu na anahama nyumba. Mzee kafariki na warithi wanataka nafasi sebuleni. Kijana kamaliza kidato cha sita na anatafuta nauli ya kurudi kwao. Vitabu vyao vinaingia katika gunia, gunia linafika kwa muuzaji, muuzaji anavitandaza.

Mkondo huu wa pili ndio ninaouzungumzia, maana ndimo fasihi ya Kiswahili ilimo. Sidharau ule wa kwanza, nao una hazina zake. Lakini kitabu cha Kiswahili kilichosomwa na kuuzwa humu humu nchini kina habari zetu wenyewe ndani yake.

Raha ya kuinama

Wenzetu wa Nairobi wana jina zuri kwa biashara hii ya vitabu vya kando ya barabara. Wanaiita "inama", kwa sababu vitabu viko chini na mteja hana budi kuinama ili avione. Nalipenda jina hilo kwa kuwa linaeleza tofauti kubwa kati ya turubai na maktaba. Maktabani unakwenda na jina la kitabu, au la mwandishi, au angalau la mada. Orodha inakupeleka kwenye rafu, unachukua, unaondoka. Yaani unapata ulichokuwa unakijua tayari. Kwenye turubai hakuna orodha. Fizikia ya kidato cha pili imelala juu ya kitabu cha nyimbo za kanisani, pembeni kuna mwongozo wa kufuga kuku, na chini yake, kama huna haraka, kuna Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, riwaya ya mwaka 1965, haina jalada la nyuma. Hukuwa ukiitafuta. Pengine hata hukujua kwamba inaweza kupatikana. Mmekutana tu.

Mtu akizoea kuinama, jicho lake linabadilika. Unaanza kukitambua kitabu kabla ya kusoma jina lake. Migongo mingi imebanduka au imefifia kwa jua, kwa hiyo unajifunza kuangalia rangi ya karatasi, ukubwa wa kitabu, aina ya herufi, pini zilizoshika kutu mahali ambapo vitabu vipya vina gundi. Nikiiona karatasi fulani ya kahawia yenye kingo zinazomeguka, moyo unaruka kabla sijajua ni kitabu gani. Mara nyingi ni kitabu cha kilimo. Siku nyingine ni Shaaban Robert. Kubahatisha huku ndiko kunakomfanya mtu apite Kariakoo au Posta wakati hana safari ya huko, ashuke Mwenge kituo kimoja kabla ya kwake, na arudi hosteli na mikono ya vumbi na nauli imekwisha.

Hapo kuna na raha ya mazungumzo. Dukani bei imebandikwa. Kwenye turubai bei ni hadithi ya watu wawili. Muuzaji anakusoma wewe wakati unasoma vitabu vyake. Ukionyesha furaha umeumia. Kwa hiyo unashika kwanza kile usichokitaka, unauliza bei yake, unaguna, unakirudisha, kisha unauliza kile unachokitaka kama mtu anayeuliza saa. Naye anajua mchezo huo kukuzidi.

Soko kama mhakiki

Katika mazungumzo hayo ndipo nilipoanza kuona kwamba muuzaji naye ni mhakiki, tena mwenye vigezo vilivyo wazi kuliko vyetu. Nilishika vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa Takadini ya Ben Hanson, ambayo kwa miaka mingi imekuwamo katika orodha ya vitabu teule vya kidato cha tatu na cha nne.

"Hicho kinatoka mtihani, mdogo wangu. Elfu nane, sipunguzi."

"Na hiki, kaka?"

Hiki kilikuwa Kisima cha Giningi, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1968.

"Hicho hakitoki mtihani. Nipe buku mbili uondoke nacho."

Wenzangu, tuache kucheka kidogo tuitafakari hukumu hiyo. Tunaandika kurasa na kurasa juu ya nani anaamua kazi ipi ni fasihi bora na ipi si bora. Tunataja itikadi, tabaka tawala, vyombo vya dola. Muuzaji huyu katufupishia somo zima: kitabu kinapanda thamani kikiingia katika orodha ya mtihani, kinashuka kikitoka. Bwana Msa, mpelelezi aliyezaliwa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na kufungua mlango wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili, ananunuliwa kwa robo ya bei ya kitabu teule. Sababu haihusu ubora wa kimojawapo. Ni kwamba kimoja kina watahiniwa na kingine kina wasomaji tu.

Lakini turubai lina hukumu ya pili, na hii haisemwi kwa mdomo. Iko katika uchakavu. Angalia hali ya vitabu vya Aristablus Elvis Musiba vinapopatikana, Kufa na Kupona cha mwaka 1974 au Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979. Majalada yameshonwa kwa uzi, pembe zimeliwa, kurasa zina madoa ya chai na ya mafuta. Kitabu cha namna hiyo kimepita mikono mingapi? Kimesomwa bwenini kwa zamu, kimeazimwa kazini, kimesafiri kwenye basi. Halafu linganisha na baadhi ya vitabu teule, ambavyo kurasa za mwanzo zimejaa wino na za mwisho ni safi kama zilivyotoka kiwandani. Wino unatuambia kitabu kilifundishwa. Usafi wa mwisho unatuambia hakikumalizwa. Ushahidi huu hutaupata katika insha yoyote ya mtihani.

Naomba nisieleweke vibaya. Uchakavu si kipimo cha ubora, na wala si kipimo kamili cha kupendwa. Nakala moja inaweza kuharibiwa na mvua ya siku moja. Zaidi ya hapo, vitabu vilivyopendwa kupita kiasi huenda havifiki turubaini kabisa, kwa sababu vimesomwa mpaka vikaisha. Tunachokiona ni mabaki tu. Hata hivyo mhakiki wa mabaki anajua jambo ambalo mhakiki wa orodha teule halijui: kwamba kulikuwa na wasomaji wengine, wenye ladha nyingine, ambao hawakungoja ruhusa yetu.

Nakala na historia

Nije sasa kwenye suala la matoleo, maana hapa ndipo mkusanyaji anapoweza kumsaidia mhakiki moja kwa moja. Chukua tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari. Mwaka 1963 ilitoka kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 ikatoka tena, ikiwa imerekebishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Kwenye orodha ya vitabu hizi zinaonekana kama kazi moja iliyochapwa mara mbili. Ukizishika zote mbili mkononi huwezi tena kusema hivyo. Jina lenyewe limebadilika: katika lile la kwanza mgeni bado amevaa nguo za kwao, katika la pili amevishwa silabi za Kiswahili. Mfasiri karudi kwenye kazi yake mwenyewe na kuihakiki. Huo ni uhakiki wa vitendo, na uliandikwa na mtu aliyekuwa na nchi ya kuongoza. Lakini si ajabu kukuta insha inayotaja "Juliasi Kaizari ya mwaka 1963" na kujadili maneno ya toleo la 1969. Tofauti ya miaka 6 imepotea, na pamoja nayo hoja nzima ya jinsi mfasiri alivyoendelea kuipima lugha yake.

Mfano wa pili unanivutia zaidi. Zipange riwaya za Euphrase Kezilahabi katika mstari, kila moja katika toleo lake la kwanza, kisha usome ukurasa wa mchapishaji tu. Rosa Mistika, mwaka 1971, East African Literature Bureau. Kichwamaji, mwaka 1974, East African Publishing House ya Nairobi. Dunia Uwanja wa Fujo, mwaka 1975, Literature Bureau tena. Gamba la Nyoka, mwaka 1979, Eastern Africa Publications ya Arusha. Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, zote mbili Dar es Salaam University Press.

Hiyo ni historia ya Afrika Mashariki katika mistari michache. Riwaya za mwanzo zilitoka wakati ambapo chombo kimoja cha uchapishaji kilihudumia Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Riwaya inayofuata baada ya hapo inachapwa Arusha. Miaka 11 baadaye mwandishi yule yule anatoka na vitabu viwili vyembamba, vigumu, vilivyojaa mafumbo, na mchapishaji wake ni chuo kikuu. Sisi darasani tumezoea kueleza mabadiliko ya Kezilahabi kwa falsafa: ametoka kwenye uhalisia, kaingia kwenye majaribio, anahoji kuwako kwa binadamu. Sawa. Lakini mkusanyaji anaongeza swali: je, mwandishi anayechapwa na shirika la nchi tatu na mwandishi anayechapwa na chuo wanamwona msomaji yule yule mbele yao? Sisemi kwamba mchapishaji ndiye aliyeandika Nagona, la hasha. Nasema kwamba swali la hadhira ya Nagona halijibiki kwa kusoma Nagona peke yake, na kwamba nililipata nikiwa nimepiga magoti nikipangusa vumbi.

Sauti za pambizoni

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua baadhi ya walimu wetu hawalipendi: maandishi ya wasomaji kwenye pambizo. Tumefundishwa tangu shule ya msingi kwamba kuandika katika kitabu ni uharibifu. Kwa kitabu cha maktaba nakubali. Kwa kitabu cha mtu binafsi, maandishi hayo ni barua isiyo na anwani ambayo mimi nimebahatika kuipokea.

Ninayo nakala ya Rosa Mistika iliyopita mikono miwili, au tuseme ilipita mikono isiyopungua miwili, kwa sababu ina wino wa bluu na ina penseli. Riwaya hii, kama tujuavyo, ilipigwa marufuku shuleni baada ya kutoka, na baadaye ikaja kukubaliwa na kufundishwa. Mwenye wino wa bluu ni mtahiniwa. Kaandika "dhamira", kaandika "ujumbe", katia namba 1, 2, 3 pembeni, na kila Rosa anapoingia katika uhusiano mpya kapiga mstari kama karani anayehesabu makosa. Mwenye penseli ni mtu mwingine kabisa. Hakuhesabu lolote. Kapiga mistari myepesi sana, na karibu yote iko mahali anapotajwa Zakaria, babake Rosa: ulevi wake, ukali wake, jinsi anavyotaka binti yake asisogelewe na mvulana. Karibu na mstari mmojawapo kaandika neno moja, "baba". Kisha penseli inakoma hadi kurasa za mwisho.

Nimelifikiria neno hilo kuliko nilivyofikiria sura nyingi za vitabu vya nadharia. Msomaji wa wino alisoma kitabu juu ya binti aliyepotoka. Msomaji wa penseli alisoma kitabu juu ya mzazi. Maneno ni yale yale, karatasi ni ile ile. Katika semina zetu tukiulizwa nani alaumiwe kwa mwisho wa Rosa, majibu mengi huanza na Rosa mwenyewe, kisha malezi yanatajwa kama sababu ya nne au ya tano. Msomaji huyu asiye na jina kayapindua mpangilio. Sijui kama ni mwanamke au mwanamume, wala kama alikuwa akimwandika Zakaria au baba yake mwenyewe. Lakini tangu nimeiona penseli ile, siwezi tena kuisoma riwaya hiyo kwa wino.

Nadharia ya upokezi tunaipenda sana katika insha zetu. Tunawataja Jauss na Iser wa chuo cha Konstanz, tunasema maana huzaliwa msomaji anapokutana na matini, tunazungumzia upeo wa matarajio. Halafu msomaji tunayemjadili ni wa kufikirika tu. Hana mkono, hana penseli, hana baba. Msomaji wa kweli yuko pale kando ya barabara, anauzwa buku mbili, na hatumwulizi kitu. Bila shaka nakala moja haiwezi kuitwa utafiti. Huwezi kusema "wasomaji wa Kitanzania" kwa sababu ya mistari ya mtu mmoja. Lakini nakala 20 za kitabu kimoja, zilizokusanywa na wanafunzi 20, na kusomwa pambizo kwa pambizo, hizo zingeanza kuwa kitu.

Pingamizi tatu

Najua yatakayosemwa, na nayajibu moja moja.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wenzangu wa darasa: kwa nini uhangaike wakati PDF ipo, inatumwa kwa simu, haina vumbi wala kunguni? Kwa kusomea mtihani wa kesho, sina ugomvi na nakala tete. Inaokoa maisha, mimi naitumia. Lakini nakala hiyo ni picha ya kitabu kimoja kati ya vingi, mara nyingi ukurasa wa mchapishaji umekatwa, na sote tunasoma picha ile ile. Watu 100 tunabaki na nakala moja. Ukurasa ukikosekana, umekosekana kwa wote. Na haipokei penseli ya mtu kwa ajili ya msomaji atakayekuja baada ya miaka 40.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mwandishi hapati kitu. Kitabu cha mtumba kinamlipa muuzaji, hakimlipi aliyekitunga. Hili nalikubali, na naliwekea kanuni. Kitabu ambacho bado kinachapwa, na mwandishi wake yu hai, kinunuliwe dukani kama mfuko unaruhusu. Kazi zilizokwisha toweka madukani ni suala jingine. Hakuna mrabaha unaopotea mtu anaponunua kitu ambacho hakuna mchapishaji anayekiuza. Badala yake, mkusanyaji anashikilia uzi ambao mchapishaji wa kesho ataukamata, maana huwezi kuchapa upya kitabu ambacho hakuna hata nakala yake iliyobaki.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniumiza: mihuri. Unafungua kitabu, ukurasa wa kwanza una muhuri wa maktaba au wa shule, na hakuna alama yoyote inayoonyesha kwamba kiliondolewa kihalali. Mahali fulani kuna rafu yenye pengo, na watoto wanaogawana kitabu kimoja watano. Rafiki yangu anasema mimi nisipokinunua atakinunua muuza karanga. Hapo kasema kweli, na ndiyo kweli chungu kuliko zote katika makala haya. Mshindani wa mkusanyaji hapa kwetu si mkusanyaji mwenzake. Ni mtu anayehitaji karatasi ya kufungia karanga na vitumbua, na karatasi ya kitabu kizuri inafaa sawa na ya kitabu kibaya. Mimi na rafiki yangu hatujakubaliana. Yeye hununua, akisema anakiokoa. Mimi chenye muhuri usiofutwa nakiacha, kwa sababu kila kinachonunuliwa kinamwita mwenzake kutoka rafuni. Nakiacha, lakini napita tena siku ya pili kuangalia kama bado kipo, na sijui nifurahi kipi nikikikuta.

Kumiliki au kupitisha

Mwaka 1931 Walter Benjamin aliandika insha maarufu juu ya kufungua makasha ya maktaba yake. Alisema mengi ambayo kila mkusanyaji atayatambua: kwamba kitabu kina ajali yake, na kwamba kwa mkusanyaji nakala ina historia kuliko jina. Hapo nakubaliana naye. Tunapoachana ni pale anapoona umiliki kuwa uhusiano wa ndani kabisa kati ya mtu na kitu, na anapotania juu ya vitabu ambavyo mwenyewe hajavisoma. Mkusanyaji wa Benjamin ana nyumba, kuta na makasha. Mimi nina sanduku la bati chini ya kitanda cha hosteli, na siku ya kumaliza chuo nitalibeba kichwani. Zaidi ya hayo, yeye alikusanya katika nchi ambayo kitabu kikifungiwa nyumbani kwa mtu mmoja, huenda kingine kipo maktabani. Kwetu anayefungia nakala adimu chini ya kitanda anaweza kuwa ameifungia kazi yenyewe.

Kwa hiyo nasema: raha ya kukusanya bila kuazima ni uchoyo uliovaa miwani. Kitabu kilichokwisha somwa kilinifikia kwa sababu mtu fulani, kwa hiari au kwa shida, alikiachia. Nikikizuia kwangu nimekata mkondo ulionilisha. Na maktaba ile ya turubai haina paa wala uhakika wa kesho. Mwaka 2021 wamachinga wa jiji hili waliamriwa kuondoka kando ya barabara na kwenda kwenye maeneo yaliyotengwa. Vitabu vikihamishwa leo hii, ni nani kati yetu anayejua vilikuwepo vipi?

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti. Kwanza, kila insha ya uhakiki itaje toleo lililosomwa, mwaka wake na mchapishaji wake, na mwandishi wa insha awe amekiona kitabu hicho kwa macho. Pili, sisi wanafunzi tuanzishe daftari la nakala: kila mwenye kitabu cha Kiswahili cha zamani aandike jina lake, toleo, hali ya kitabu, na maandishi yaliyomo pambizoni, kisha akubali kukiazima kwa wiki moja kwa mwenzake anayekihitaji. Tatu, tusifute penseli za watu. Ukinunua kitabu, usikisafishe. Ongeza yako kwa herufi ndogo, na uandike mwaka.

Mimi nimekwisha anza. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una Rosa Mistika, toleo la 1971, wino wa bluu na penseli. Anayemiliki nakala nyingine ya kitabu hicho naomba aniletee tulinganishe, hasa kama nayo imewekwa alama kwa Zakaria. Na asiyekubaliana na haya, kalamu anayo na kurasa za jarida hili ziko wazi.